Hela ya barua za gerezani inaendaje: maswali mnayotuuliza kila siku

Sisi ni kikundi kidogo cha watu wa kujitolea hapa Mbeya mjini. Tunapokea barua za wafungwa na mahabusu wa mikoa hii ya kwetu ya kusini, tunazichapa vizuri, tunazisoma mbele za watu makanisani, misikitini, mashuleni na popote tunapokaribishwa, halafu kila baada ya miezi mitatu tunadurufu kijarida cha kurasa 16 na kukigawa bure. Tulianza 2019. Maswali mengi tunayopata siku hizi sio ya barua, ni ya hela, na kwa kweli tunafurahi mkiuliza, kwa hiyo tumeyaweka yote hapa.

Hela mnatoa wapi?

Kwenye mifuko yetu kwanza. Kila mwanakikundi anatoa buku tano kwa mwezi, asiyekuwa nayo mwezi huo anasema tu hana na hatumdai. Ya pili ni michango ya watu wanaosikia barua zikisomwa, mwingine anatoa jero, mwingine anatoa elfu kumi, na kuna mzee mmoja wa Uyole analeta gunia la viazi kila msimu tunaliuza pale pale Mwanjelwa na hela inaandikwa "viazi". Basi. Hatujawahi kupokea ufadhili wa nje, na kijarida hakiuzwi. Ukiona mtu anakuuzia kijarida chetu stendi au kwenye daladala huyo hatumjui, chukua bila kulipa halafu tuambie.

Zinatumika kwenye nini hasa? Barua si karatasi tu?

Ndo tulivyofikiri na sisi mwanzoni, kwamba barua ni karatasi tu. Chukua barua moja uifuate. Imeandikwa kwa bik ya bluu kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la shule, mistari yote imejaa mpaka pembeni kwa sababu karatasi kule ni ya kuombwa, na juu ina muhuri wa gereza maana barua yoyote inayotoka ofisa anaisoma kwanza, ndo utaratibu. Inafika kwenye sanduku letu la posta (sanduku linalipiwa kila mwaka). Mmoja wetu anaenda Posta kuichukua, nauli. Inachapwa kwenye kompyuta ya kuazima ila umeme ni wa mwenye nyumba na tunamchangia luku. Inaprintiwa nakala moja inarudishwa kwa mwandishi aisome aone kama tumemkosea popote, hapo kuna bahasha mbili na stempu mbili, moja ya kwenda na moja tunamwekea ndani ya kurudisha jibu kwa sababu hatutaki mtu ashindwe kusema "hapana" kwa kukosa stempu. Akikubali ndo inaingia kijaridani, na huko ndo hela nyingi inakoenda: karatasi, wino, kudurufu, pini.

Ukurasa mmoja wa daftari letu unasomeka hivi: rimu moja 13,000, bahasha za kaki 4,000, bajaji Kabwe mpaka Posta 2,000, luku 5,000, makato ya kutoa kwa wakala yameandikwa peke yake kwenye mstari wake. Hayo makato tulikuwa tunayasahau. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 ndo tukashtuka kwamba hesabu zetu za mwezi hazifungi hata tukizipiga mara tatu, kumbe kila tukitoa kuna kipande kinaliwa na hatukiandiki popote. Tangu hapo ada ya muamala ni matumizi kama matumizi mengine.

Safari za magereza ya mbali zinakula zaidi. Gereza la mjini kama Ruanda ni bajaji tu umefika, ila ukiambiwa kwenda kule mashambani, tuseme Isupilo kule Mufindi, hapo ni basi mpaka Mafinga halafu na usafiri wa kuunga, na mwezi wa sita na wa saba mtu anaondoka alfajiri na baridi lile la kwetu mnalijua. Kwa hiyo safari za huko tunafanya chache na tunabeba kazi nyingi kwa pamoja.

Mnajilipa posho?

Hapana. Hakuna posho ya kikao, hakuna ya usafiri ya jumla jumla, hakuna "hela ya vocha". Mtu akisafiri anarudishiwa nauli aliyolipa, akiwa na tiketi au akiandika na kusaini kwenye hati ya malipo kama ni bodaboda isiyotoa risiti. Chai ya Jumamosi kila mtu anakuja na chake. Najua kuna watu wanaona tumekaza sana, na hata ndani ya kikundi tumelivutania hili, kuna mwenzetu alisema mtu anayeacha biashara yake siku nzima apewe hata ya chakula, na hoja yake ina maana. Tulichokubaliana ni kwamba safari ikizidi siku moja chakula kinalipwa kwa risiti. Zaidi ya hapo hapana, kwa sababu tunaowasemea wanakula wanachopewa na hawana kikao cha kudai nyongeza.

Mfungwa analipwa kwa barua yake?

Hapana, na hili swali naomba nilijibu kwa kirefu maana ndo lililotufanya tuanze kuweka hesabu wazi.

Mama mmoja wa Igawilo alikuja kwetu siku ya Jumamosi na mjukuu wake, ameshika kijarida amekikunja ndani ya pindo la khanga. Tukamwamkia, tukampa kiti, akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Wanangu, hii barua ya kijana wangu mmeiuza shilingi ngapi?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya debe la mahindi yake mwenyewe. Hatukuwa na jibu la kumwonyesha, tulikuwa na maneno tu, na maneno mama huyo ameshayasikia mengi mahakamani. Tukamfungulia kauntabuku, mjukuu akawa anamsomea mstari kwa mstari, yeye anauliza, "wino huo wa elfu ishirini unaandikia nini?" tunamwonyesha katriji, anaendelea. Ilichukua kama saa mbili. Mwisho alisema ameelewa, ila akaomba jina la ukoo litoke kwenye barua kwa sababu dada zake huyo kijana bado hawajaolewa, na toleo lililofuata likatoka bila jina hilo.

Sasa kwa nini hatulipi. Kwanza mfungwa haruhusiwi kushika hela mkononi akiwa ndani, ukimpenyezea umemtafutia kosa jingine. Pili kuna waliotendewa. Barua nyingi hazizungumzii kosa kabisa, zinazungumzia watoto, mashamba, ndoto, maradhi, lakini zikigusa kosa kuna familia nyingine upande wa pili, labda inakaa mtaa wa tatu kutoka kwako, na ikisikia mtu analipwa kwa kusimulia yaliyowapata tutakuwa tumewaumiza mara ya pili. Wenzetu wa Marekani waligombania jambo hili mpaka juu kabisa: jimbo la New York lilitunga sheria mwaka 1977 kwamba mtu akiuza habari za uhalifu wake hela isiende kwake, itunzwe kwa ajili ya waathirika, halafu mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikaifuta sheria hiyo kwa kuona inabana uhuru wa mtu kujieleza. Yaani hata mahakama zimeona ni jambo gumu, na mimi nakubali kwamba ni gumu. Sisi tumekwepa kwa njia rahisi: hakuna anayelipwa, sio mwandishi, sio mchapaji, sio msomaji, na barua yenyewe inabaki mali ya aliyeandika. Akitoka akitaka kuitengenezea kitabu chake auze, ni haki yake, tutampa nakala zote na asilani hatutamdai hata shilingi.

Nani anashika hela?

Mweka hazina anashika daftari, hashiki hela. Hela iko benki kwenye akaunti ya kikundi, wenye sahihi ni watatu na kutoa lazima wawepo wawili, na hao wawili wasiwe mke na mume wala ndugu. Michango ya simu inaingia kwenye lipa namba ya kikundi yenye jina la kikundi. Ukitumiwa namba ya mtu binafsi ukaambiwa ni ya kwetu usitume, hata kama jina unalifahamu, hata kama ni la kwangu. Hela taslimu inayopatikana kwenye usomaji inahesabiwa pale pale mbele ya watu na mmoja wa wenyeji anasaini pamoja na sisi, halafu Jumatatu inapelekwa benki yote, hakuna kukatia nauli humo humo. Tunabaki na elfu thelathini tu ya matumizi madogo madogo na ikiisha inaandikiwa upya.

Kwa nini ukali wote huo kwa vijihela vidogo? Mmeshawahi kuibiwa?

Mwaka wa kwanza hatukuwa na akaunti. Hela ilikaa kwenye kopo la maziwa nyumbani kwa mwenzetu mmoja tuliyemwamini na bado tunamwamini. Usiku mmoja mwanae alizidiwa, hana kitu ndani, akachukua elfu themanini kwenye kopo akakimbiza mtoto hospitali. Yeyote kati yetu angefanya hivyo, na mtoto alipona. Alirudisha yote ndani ya miezi miwili.

Kosa tulilifanya sisi wengine. Tulijua, tukanyamaza. Tukaona tumsitiri, kumbe toleo la miezi ile halikutoka kwa kukosa karatasi, na kule ndani kulikuwa na watu walioambiwa barua zao zinatoka mwezi fulani, wanahesabu siku. Mmoja aliandika kuuliza kama ameandika vibaya ndo maana tumemwacha. Akaandika mara ya pili, kuomba radhi. Nimeisoma ile barua ya pili mara nyingi mpaka leo na bado inanichoma, kwa sababu mtu wa nje akiona kimya anakuja kukugongea mlango, anauliza majirani, anakuja na mashahidi, ila huyu hana pa kwenda kuuliza, kilichobaki ni kujilaumu mwenyewe.

Tulimwandikia ukweli wote, na toleo lililofuata tuliweka ukurasa wa mwisho hesabu ya kila shilingi na habari ya zile elfu themanini, bila jina la mwenzetu ila yeye mwenyewe alisema tuiandike. Ndo tukafungua akaunti. Na tuliweka kitu kinaitwa mkopo wa dharura, mwanakikundi akibanwa anakopa mpaka elfu hamsini, wawili wanasaini, inaandikwa daftarini siku hiyo hiyo.

Askari magereza mnawapa chochote ili barua zitoke?

Hatutoi. Sio hela, sio soda, sio "ya maji". Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa anayetoa kama inavyomgusa anayepokea, lakini hata bila sheria, siku ukitoa elfu mbili kwa ajili ya barua moja umeshaweka bei kwa barua zote zitakazofuata, na atakayeshindwa ni yule ambaye hana ndugu wa kumlipia. Tunaomba kibali kwa maandishi kwa Mkuu wa Gereza, tukikataliwa tunasubiri na tunaomba tena. Kuna barua zilikaa miezi. Maafande wengi tuliokutana nao wametusaidia kwa moyo, kuna mmoja ndo hukumbusha vijana siku ya kuandika. Mtu yeyote akija kwako kwa jina letu kukusanya "ya kumpa afande", hiyo ni kesi ya TAKUKURU, piga 113, haina gharama.

Mbona msinunue sabuni na miswaki badala ya kupoteza hela kwenye makaratasi?

Swali zuri na linaulizwa na watu wenye huruma kabisa. Wako wanaopeleka sabuni, makanisa mengi hapa na Iringa yanafanya hivyo na wanafanya vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza. Ukitupa hela ukasema ni ya sabuni tutakuelekeza kwao, hatutaipokea halafu tukaibadilishia kazi. Ila nikwambie kitu, tumepata barua ya mtu aliyekaa mahabusu muda mrefu hajui kesi yake imefikia wapi, barua yake ikasomwa ukumbini, na kati ya waliosikia kulikuwa na msaidizi wa kisheria aliyeifuatilia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawataja na walio kizuizini, wengi wao hawajui, na waliojua hawana wa kumwambia. Karatasi imefanya kazi ambayo sabuni haiwezi, na sabuni inafanya ambayo karatasi haiwezi.

Halafu mtu kuandika tu kwenyewe ni kitu. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, zile za 2015, zinasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia na marafiki mara kwa mara, ikiwemo kwa barua.

Naweza kuja kuona vitabu vyenu?

Njoo. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, Sokomatola, daftari liko mezani pamoja na faili la risiti na stetimenti ya benki. Huhitaji kuwa umechangia. Huhitaji kueleza kwa nini unataka kuona. Unaweza kupiga picha ukurasa wa matumizi, ila sio wa majina, na sababu yake naieleza hapo chini. Mwisho wa mwaka tunamwomba mtu ambaye sio mwanakikundi, anayejua uhasibu, apitie yote na anachoandika tunakitoa kijaridani kama kilivyo, hata kama ametukosoa. Mwaka juzi alisema risiti zetu za kudurufu hazina tarehe, na ni kweli hazikuwa nayo.

Kama kila kitu kiko wazi, mbona majina mnaficha?

Kwa sababu hela ni ya mradi ila jina ni la mtu. Tunaonyesha kiasi kilichoingia, tarehe, na njia iliyopitia. Hatuonyeshi nani ametoa isipokuwa akitaka mwenyewe, na wafungwa tunatumia jina walilochagua wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za makosa ya mtu na za miamala yake ya fedha kuwa taarifa nyeti, na ukiangalia sisi tunashika vyote viwili kwa wakati mmoja. Kuna mchangiaji wetu ambaye mdogo wake yuko ndani na majirani hawajui, yeye kila mwezi anatuma elfu tatu. Tukimwandika jina ukutani tumemuumbua, na hakuna shilingi itakayokuwa salama zaidi kwa kumwumbua.

Ila siri ina mpaka. Mtu mmoja akitoa zaidi ya laki mbili kwa mara moja, anajulikana kwa wanakikundi wote, sio kwa mweka hazina peke yake, ili tusijikute tumewekwa mfukoni na mtu.

Mmesajiliwa?

Ndio, kama kikundi cha kijamii, halmashauri, kupitia Maendeleo ya Jamii. Sisi sio NGO. Tungekuwa NGO tungebanwa na sheria ya 2002 pamoja na kanuni za 2018 zinazotaka kutangaza hela imetoka wapi na imetumikaje, na mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20 kupelekwa kwa Msajili. Milioni 20 hatujawahi kuziona hata kwa ndoto, lakini tumejiwekea sisi wenyewe kutangaza kwa sababu tunaona ndo sawa.

Mradi ukifa, hela iliyobaki inaenda wapi?

Imeandikwa kwenye katiba yetu: barua halisi zinarudi kwa waandishi au familia zao kwanza, na gharama ya kuzirudisha ndo deni la kwanza. Kikibaki kitu kinaenda kwa kikundi kingine kinachohudumia wafungwa hapa nyanda za juu kusini. Hakuna kugawana.

Na wafungwa wenyewe, wanajuaje hesabu?

Kila toleo likitoka, mwandishi anapata nakala yake pamoja na nusu karatasi ya mapato na matumizi, kwa lugha ya kawaida. Inapita kwa ofisa kama barua nyingine.

Mwaka jana tulirudishiwa moja. Aliyeirudisha alishawahi kuwa karani wa ushirika wa mazao kabla hajaingia ndani, na alikuwa amezipiga hesabu zote upya kwa mkono, pembeni, namba ndogo ndogo zimepangwa safi kabisa, halafu chini ameandika: "Jumla yenu imezidi kwa shilingi 2,000. Angalieni mstari wa bahasha." Tukaangalia. Bahasha tulikuwa tumeziandika mara mbili. Tumeirekebisha kwa wino mwekundu, tumemwandikia kumshukuru, na sasa kila hesabu kabla haijachapwa tunampelekea yeye kwanza.